Sauti ya Baba Iliyokwama Kwenye Diski

Mama alikuwa na kitambaa cha kila kitu. Redio ilikuwa na chake, televisheni chake, simu ya mezani chake chenye tundu la kupitishia waya, na viti vya sebuleni usiseme, vilivaa kutushinda sisi watoto. Alivifuma mwenyewe kwa kulabu, katikati nyuzi nyeupe, pembeni waridi. Jumamosi vyote vilifuliwa, vikatiwa wanga na kuanikwa uani kwetu Shieywe, mjini Kakamega, mpaka mpita njia angedhani kuna sherehe. Kwa hiyo ndugu yangu alipotuletea kompyuta mbili, miaka ya tisini ikielekea mwisho, akaweka moja sebuleni na nyingine chumbani mwa wazazi, sikushangaa kukuta wiki iliyofuata zote mbili zimeshavikwa. Ya chumbani ilipewa kitambaa kikubwa zaidi, chenye picha ya tausi.

Ya sebuleni ilikuwa ya kazi. Wakati huo nilikuwa nimerudi kwa wazazi, nachapa nyumbani: ratiba za mazishi, kadi za mialiko, barua za kuomba kazi, na miradi ya wanafunzi wa chuo cha kilimo kule Bukura, ambao karatasi zao zilikuja na matope ya shamba. Ya chumbani ilikuwa ya kuhifadhi tu. Ndugu yangu alitoboa ukuta, akapitisha waya, akaziunganisha, na kila nilichochapa sebuleni kilienda kulala kule ndani. Mambo hayo alikuwa ameyasomea na ndiyo yaliyompa mkate Nairobi. Kabla hajarudi alituachia amri mbili: ile ya chumbani isizimwe ovyo, na isiingiwe na vumbi. Mama alizisikia zote mbili vizuri sana.

Baba alikuwa mnadi wa ng'ombe. Siku za mnada alisimama juu ya kijukwaa cha mbao, na ile sauti yake ungeisikia kabla hujaona vumbi la mifugo. Alikuwa akiita ng'ombe kwa rangi, kwa pembe, kwa tabia, akimtania mnunuzi mpaka mtu akanyoosha mkono kwa aibu. Nyumbani hakuwa na haja ya kupaza. Akikohoa tu uani, tulikuwa tumeshakaa kwenye vitabu. Halafu kooni pakaota uvimbe. Sauti ikaanza kukwaruza, ikapungua, na madaktari wakamweleza bila kuzunguka kwamba lazima waondoe zoloto lote. Angepona, angekula, angetembea, lakini angepumua kupitia tundu shingoni na kuongea ingekuwa basi. Baba aliwauliza swali moja, kama wanaweza kungoja hadi kitinda mimba wake aolewe. Wakamwambia haingojeki.

Swali lile lilikuwa na sababu yake. Kwetu, msichana anapotoka nyumbani kuolewa, baba yake humwekea mkono kichwani na kumtamkia maneno mbele ya watu. Si maombi ya kanisani. Mchungaji ana yake na huyasemea kanisani. Haya ni ya nyumbani, yanatoka kinywani mwa baba, na husemwa mara moja tu. Baba akiwa hayupo duniani, mdogo wake husimama badala yake. Ndiyo maana ukipita mahali ukasikia baba mdogo anatamka, hata huulizi, unajua mwenye mji alishazikwa. Mimi nilitamkiwa na Baba mwenyewe, kwa ile sauti ya mnadani, na majirani wa ng'ambo walisema walisikia kila neno. Mdogo wangu alikuwa bado na mchumba tu, tarehe haijapangwa.

Basi siku chache kabla ya kulazwa, Baba alijifungia chumbani na Mama na redio kaseti, akarekodi maneno ya binti yake wa mwisho. Ndugu yangu alipokuja kumwona alisema kanda si kitu cha kutegemea, zinavutika, zinaliwa na redio. Akaunganisha redio na ile kompyuta ya kuhifadhi, akabonyeza, akaiacha ijirekodi yenyewe huku sisi tunakula sebuleni mlango umefungwa. Hakuna aliyesikiliza. Maneno ya kusemwa mara moja huyasikilizi kama taarifa ya habari. Faili la sauti lilikuwa kubwa mno kwa zile flopi tulizokuwa nazo, kwa hiyo likabaki humo ndani peke yake. Na kanda? Mama aliambiwa sauti iko kwenye kompyuta, akairekodia kwaya ya kina mama. Alisema kanda nzuri kama ile haiwezi kukaa bure.

Operesheni ilikwenda salama. Baba alirudi amekonda, na kitambaa cheupe shingoni, ambacho pia alifumiwa na Mama. Akajifunza kuita kwa kupiga makofi na kusimulia kwa mikono, na mambo marefu aliyaandika kwa chaki kwenye kibao. Tulizoea. Mtu huzoea kila kitu, ila nilipomwona siku za mnada akisimama getini ameangalia njia ya uwanjani, nilikuwa nikiingia ndani.

Harusi ilipangwa baada ya Pasaka. Kiangazi mwaka ule kilikuwa kikali, vumbi la barabara likiingia hadi kwenye sukari, na Mama, kwa kukumbuka amri ya mwanawe, aliongeza kitambaa cha pili juu ya kile cha tausi, na juu ya hicho shuka ndogo iliyokunjwa. Mashine chini ya yote hayo ilikuwa inawaka usiku na mchana, maana iliambiwa isizimwe ovyo. Mchana mmoja nilikuwa nachapa ratiba ya mazishi, nikabonyeza kuhifadhi, kioo kikaganda. Nilipofungua mlango wa chumbani nilikutana na harufu ya plastiki inayoungua. Nikafunua shuka, nikafunua kitambaa, nikafunua cha tausi. Ukigusa lile sanduku, mkono unarudi wenyewe.

Nilifoka. Nina mdomo, sikatai, na siku hiyo niliutumia wote. Nilimuuliza Mama kama yeye mwenyewe angevikwa blanketi tatu kiangazi angekuwa mzima. Mama alikuwa ameshika kile kitambaa cha tausi kifuani.

"Lakini wewe si ulimsikia akisema vumbi?" akasema.

Nilimsikia, kweli. Tulipoiwasha tena baada ya kupoa, iliandika kwamba haioni diski. Tukajaribu tena na tena, maneno ni yale yale. Baba aliingia akatukuta tumeinama. Akaiangalia mashine, akaniangalia mimi, kisha akagusa shingo yake kwa kidole kimoja na kuinua nyusi. Nikamwambia ndiyo, Baba, ilikuwa humo. Akakaa kitandani polepole, akaanza kukikunja kitambaa cha Mama vizuri, pembe kwa pembe.

Habari haikai ndani. Siku iliyofuata baba mdogo alikuja, akiwa amevaa koti. Si mtu mbaya, nampenda hadi leo. Aliketi karibu na ndugu yake na kumwambia kwa upole kwamba asijisumbue, siku ikifika yeye yuko, atamtamkia mtoto kama wake. Baba akatikisa kichwa kukubali. Ni kule kukubali kulikonichoma. Nilimwona anavyokubali kama mtu anayesaini kitu asichotaka kukisoma, na nikasema moyoni, huyu mzee hazikwi mimi nikiona.

Nilianza na fundi wa mjini, mwenye duka la kutengeneza kompyuta na kunakili karatasi. Alichomoa diski, akaichomeka kwenye mashine yake, akasikiliza, akasema imekufa. Akanishauri ninunue mpya, hii niwape watoto wachezee. Alikuwa ameshaanza kuisukumia kwenye kikapu cha takataka kwa kiwiko. Nikaikwapua mezani, nikaiweka kwenye mkoba, na sitasema hapa nilichomwambia.

Kisha nikampigia ndugu yangu. Akaanza kuniuliza kama daktari. Inalia? Hailii. Inazunguka ukiishika? Haizunguki, imetulia tu. Igeuze, angalia ile bodi ya kijani chini yake. Niliigeuza pale pale simuni, nikaona kipande kimoja cheusi kimetoka lengelenge. Nikasikia amepumua. Akanieleza kwamba sauti ya Baba haiko kwenye bodi; iko ndani, kwenye visahani vilivyofungwa, na vile huenda havikuguswa na joto. Kilichokufa ni bodi inayovizungusha na kuvisoma. Nitafute diski ndugu yake, kampuni ile ile, namba ile ile kwenye kibandiko, nifungue skrubu, nihamishe bodi. Ila lile sanduku la visahani nisithubutu kulifungua hata kwa mzaha.

Ya sebuleni tuliifungua kwanza. Kampuni nyingine kabisa. Lakini ndugu yangu alikumbuka kwamba ile ya chumbani aliinunua pamoja na nyingine kutoka ofisi moja Nairobi iliyokuwa inafungwa, na mbili kati ya hizo zilikuja huku kwetu. Moja ilienda kwa mkufunzi wa Bukura, nyingine kwa mzee mmoja mkulima wa mahindi kule Chekalini. Zaidi ya hapo hakujua.

Bukura nilikwenda asubuhi. Mkufunzi alinipokea vizuri, akaacha majaribio yake ya nyasi za mifugo, akafungua mashine yake mwenyewe bila kuombwa mara mbili. Kampuni ilikuwa ile. Nilianza kusoma namba kwa sauti, yeye akisoma ya kwangu, tukaenda vizuri hadi karibu na mwisho, tukaachana. Tukazigeuza. Bodi yake ilikuwa fupi na matundu ya skrubu hayakulingana. Alisikitika kweli, akanipa mche wa mparachichi niondoke nao. Nilirudi nyumbani na mche ule na hasira zangu. Nikaupanda kwa jembe kwa nguvu kiasi kwamba Mama alitoka kuuliza kama nachimba choo.

Chekalini ni mbali kidogo, kule Lugari, ambako watu walikata mashamba ya wazungu wakayagawana na kuyajaza mahindi. Nilifika jua limeshapanda. Mji wa yule mzee ulikuwa na ghala refu la mahindi na nyumba ya mabati, na yeye mwenyewe nilimkuta sebuleni anacheza karata kwenye kompyuta, miwani puani, akijibishana na mashine kana kwamba inamwibia. Na juu ya mashine, kitambaa. Halafu nikaona kimekatwa kwa mkasi upande wote wa nyuma, kimeachwa kinaning'inia kama shati lisilo na mgongo. Aliponiona naangalia, alieleza kwamba mashine ilikuwa haipumui, akaikatia dirisha, na mkewe hakumsemesha kwa muda mrefu kwa ajili hiyo. Mkewe, aliyekuwa mlangoni, akasema hata sasa hajamsamehe.

Tulisalimiana mulembe, nikataja kwetu, nikataka kuanza kueleza shida yangu. Wapi. Mama mwenye nyumba alinikata kauli, akasema mgeni hasemi na tumbo tupu, na nikasikia kuku anakimbizwa nyuma ya nyumba. Ungelijua jinsi nilivyokaa pale. Diski niliyokuwa naitafuta, kama ndiyo, ilikuwa hatua chache tu kutoka magotini kwangu, inazungusha karata za mzee, na mimi nangoja ingokho iive. Lakini kukataa kuku kwa watu wetu ni kuwatukana, kwa hiyo nilingoja, obusuma, ugali wetu, ikaja, nikala, nikasifu, nikaongezewa, nikala tena.

Baada ya kunawa ndipo nikasema. Niliwaeleza yote, kuanzia uvimbe wa kooni hadi kitambaa cha tausi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa. Alisema kitu chake kinafanya kazi, sasa nataka kukivunja ili kiponye kilichokufa, na vyote viwili vikifa yeye atacheza karata na nani. Halafu akauliza lile swali ambalo nilijua litakuja.

"Baba yako mdogo si yuko? Kwetu hapa, hiyo ndiyo kazi yake."

"Yuko, mzee, na yuko tayari," nikamwambia. "Lakini baba yangu hajafa."

Nilidhani nitalisema kwa ukali, likatoka na machozi. Nilikasirika zaidi kwa sababu ya machozi hayo. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Mkewe akamwambia kitu kimoja kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ya chini, na mzee akainuka kutafuta bisibisi. Tukafungua. Nikatoa yangu mkobani, nikaiweka kando ya yake, nikasoma namba moja moja kwa kidole. Zililingana hadi ya mwisho. Nilirudia mara ya pili, nikaketi sakafuni.

Nilidhani atanikabidhi. Thubutu. Aliifunga diski kwenye sweta, sweta kwenye kikapu, akavaa kofia.

"Pahali hii diski inaenda," akasema, "mimi ninaenda nayo."

Ndivyo nilivyorudi Kakamega nimeandamana na mzee ambaye sikumjua asubuhi yake. Alipoingia sebuleni kwetu akamwona Baba kwenye kiti, alisimama na kikapu chake mkononi, akaguna. Mtu gani mwenye ng'ombe angekosa kumjua Baba? Alisema huyu ndiye aliyemuuzia maksai wake wa kwanza wa kulimia, na akaanza kumwiga pale pale: alivyonyoosha mkono, alivyomwita fahali mvivu "mheshimiwa", alivyowaambia wanunuzi waache kujificha nyuma ya wake zao. Baba alicheka mpaka mabega yakatikisika, bila sauti yoyote ila pumzi ikipita shingoni. Mzee naye akaacha kucheka, akamwangalia, akaketi.

"Mbona hukuniambia ni huyu?" akaninong'oneza.

Skrubu za bodi zilikuwa zile ndogo zenye kichwa cha nyota, na bisibisi yake niliiazima kwa fundi wa saa. Mama aliondoa vitambaa vyote mezani kabla sijamwomba, akaikausha meza mara mbili, akasimama mbali mikono nyuma kama mtoto aliyeonywa. Nikahamisha bodi nzima kutoka kwenye diski ya mzee hadi kwenye yetu. Mzee alikuwa ameinama karibu nami mpaka nasikia ugoro wake. Nikarudisha diski kwenye mashine, nikawasha, tukasikia kitu kinaanza kunguruma chini chini, kinapanda, kinatulia. Kioo kikaandika. Faili zote zilikuwa pale, ratiba za mazishi za watu wa Kakamega nzima, na katikati yao faili la Baba.

Nikaanza kulivuta kupitia ule waya wa ukutani kuja kwenye kompyuta ya sebuleni. Ulikuwa mchana. Sasa mvua zilikuwa zimeanza, na anayeijua Kakamega anajua mchana ni wa radi. Nilijua, lakini uvumilivu si kipaji changu. Halijafika nusu, radi ikapiga upande wa msituni na umeme ukakatika mji mzima. Kimya. Nilipiga meza ngumi hadi kikombe kikaanguka. Hakuna aliyejua kama ile bodi ya mtu imenusurika, na mwenyewe alikuwa pale, kofia magotini. Niligeuka kumwomba msamaha, yeye akamwuliza Mama ni wapi atalala.

Asubuhi Baba alikuwa wa kwanza kuamka. Nilimkuta uani anatazama juu, akanionyesha anga lote kwa mkono, kutoka upande huu hadi ule. Halikuwa na wingu. Umeme ulikuwa umerudi. Nikawasha, na tukasubiri, na ikanguruma. Mzee alisema asante kwa Mungu kwa sauti, na nadhani alimaanisha karata zake.

Safari hii nilikuwa nimeivua mashine ganda lote, iko uchi. Hata hivyo ilianza kupata moto, nikaigusa na kuondoa kidole. Mama aliniona. Alitoka, akarudi na ungo wa kupepetea mtama, akasimama juu ya ile diski na kuanza kuipepea, polepole na kwa mpigo mmoja, kama anavyopepeta nafaka. Faili liliingia kwa vipande. Mahali fulani lilikwama, tukabaki tunaangalia mstari usiosogea. Mama aliongeza kasi, mstari ukasogea. Mzee alijitolea kumpokea ungo, Mama akamkatalia kwa kichwa, na nikaona analia huku anapepea. Nilitaka kumwambia yaishe, yale maneno ya blanketi tatu. Badala yake nikamwambia apepee upande wa kushoto zaidi, na akapepea.

Lilipomaliza, nilifungua ili nihakikishe. Kulikuwa na mkwaruzo, kikohozi, halafu sauti ya Baba, iliyochoka lakini yake: "Mwanangu." Baba aliinua kiganja kutoka kitini, na mimi nikazima. Hilo lilitosha. Nikarudisha bodi kwa mwenyewe, tukaijaribu diski yake, tukamkopesha mashine, akacheza karata zake hadi akashinda. Aliondoka na kikapu chake, akamwambia Baba kwamba harusini asitafutwe, atakuja mwenyewe. Jioni hiyo hiyo nilirekodi faili lile kwenye kanda mpya sauti ikiwa imefungwa hadi chini. Mama akaivunja vile vijino vya juu kwa kisu ili isirekodiwe kitu kingine juu yake na mtu yeyote, hasa yeye.

Siku ya harusi uwanja wetu ulijaa. Niliweka spika kwenye dirisha la sebuleni zikitazama nje, nami nikakaa ndani ya dirisha, mkono kwenye kitufe. Mdogo wangu alipiga magoti kwenye mkeka. Baba mdogo alikuwa mstari wa mbele, ameketi, kofia mkononi. Baba alisimama na suti yake ya mnadani, akaweka mkono kichwani kwa binti yake, akaniangalia.

Nikabonyeza. Sauti ikatoka juu ya vichwa vya watu, na nikaona midomo ya Baba inaanza kusogea pamoja nayo. Hakukosea hata neno moja. Alikuwa ameyashika yote tangu siku ile ya chumbani. Alimtakia nyumba isiyokosa moto, mvua kwa wakati wake, na watoto wabishi kama yeye. Alimwambia mume ni mtu, asimwogope wala asimdharau. Mwishoni akasema, "Mlango wa nyumba hii siufungi. Ukiufikia saa yoyote, usibishe, ingia." Watu wakaitikia. Mdogo wangu alikuwa ameshika miguu ya Baba kwa mikono miwili, na Baba alikuwa amefumba macho, midomo imetulia.

Nilijua tumemaliza. Lakini nilikuwa nawaangalia wao, nikakisahau kitufe, na kanda ikaendelea kuzunguka. Kisha Baba akazungumza tena pale spikani, si kwa sauti ya mbele za watu sasa, bali ile ya nyumbani, ya chini, ya mtu anayegeuka kitandani.

"Haya, zima. Nimemaliza, mama watoto. Hebu nipikie chai."

"Naleta," Mama akajibu.

Alijibu kutoka kitini kwake, mbele ya wageni wote, na akainuka. Akapita kati ya watu, na watu wakavuta miguu kumpisha. Alikuwa ameshafika mlangoni pa jikoni aliposimama, mkono kwenye mwimo, akageuka kumwangalia Baba. Baba alikuwa amefumbua macho, anamwangalia yeye. Akamtikisia kichwa, ndiyo. Mama akaingia, na tukamsikia anamimina maji kwenye sufuria.